Reli ya Baba Nyuma ya Jiko

Wiki iliyopita binti yangu wa mwisho alinisogezea simu usoni nikiwa nachambua mchele. "Mama, mcheki huyu mzee." Kwenye simu kulikuwa na mzungu mwenye mvi amekaa sakafuni, ametandaza reli ndogo chumba kizima. Ina madaraja, ina stesheni, ina miti isiyozidi urefu wa kidole, na treni inajizungukia yenyewe kwa umeme. Mzee amevaa mpaka kofia ya kazi. Binti yangu alicheka hadi akashika mbavu, eti mtu mzima na ndevu zake anacheza treni. Nikamwambia hata sisi tulikuwa nayo nyumbani, kule kijijini Titye. Akanitazama kwa huruma, kama vile nimeanza kuchanganyikiwa, akarudi kwenye simu yake.

Basi nikusimulie wewe, rafiki yangu, maana wa nyumbani hawana muda. Tulikuwa na reli nyuma ya jiko. Baba ndiye aliyeijenga, na tumaini lake lote la kurudi kazini alilitia mle. Nilikuwepo ilipoanza na nilikuwepo ilipokwisha.

Uelewe kwanza kwamba sisi watu wa huku juu hatukuwa na reli. Reli iko bondeni, inatoka Kigoma, inapita Uvinza, inakwenda zake Tabora. Kasulu na Kibondo tuliisikia tu kwa waliosafiri. Baba alikuwa katika wachache waliokula kwa jasho la reli. Alikuwa mtu wa genge, wale wanaotembea juu ya njia na nyundo na koleo, wakibadili mataruma yaliyooza, ile miti inayolaliwa na reli, na kurudishia kokoto zilizomomonyoka. Kisha wakapunguzwa. Alirudi na begi lake, sare yake na viatu vya kazi, akatuambia ni kwa muda tu, mambo yakikaa sawa wataitwa. Kila jioni alifungulia redio wakati wa taarifa ya habari, nasi tukakatazwa hata kukohoa mpaka mtangazaji amalize habari za michezo. Labda angesema watu wa genge warudi. Hakusema.

Mama hakuwa na subira ya namna hiyo. Yeye alikuwa na mihogo, maharage na mahindi, na mume mwenye mikono miwili mizima. "Ngoja ngoja huumiza matumbo," alikuwa akisema huku akichukua jembe lake. Baba anamjibu mvumilivu hula mbivu. Methali hizo mbili zilipigana nyumbani kwetu kila asubuhi kama majogoo, na mshindi hakupatikana. Baba hakuwa mvivu, mtu asikudanganye. Aliogopa tu kwamba akishaanza kulima, atakuwa mkulima.

Siku moja ya kiangazi alisema mtu wa genge akikaa bila reli mikono husahau. Akatwaa panga, akapasua mkaratusi vipande vyembamba kama vidole, hayo yakawa mataruma. Reli zenyewe zilikuwa mianzi iliyopasuliwa na kulainishwa kwa kipande cha chupa. Kokoto tuliokota mtoni mimi na kaka yangu, tukazichekecha kwa chujio la pombe, maana baba alikataa zilizozidi punje ya hindi. Aliinua tuta kwa udongo, akalishindilia kwa kisigino, akalipigia kamba kuona kama limenyooka. Jirani alidhani tunajenga banda la sungura.

Kigoma ilikaa kando ya bafu la nyasi, kwa sababu maji ya kuogea yaliyotuama pale yalifaa kuwa Ziwa. Uvinza ikawa mlangoni mwa jiko kwa ajili ya chumvi ya mama. Njia ya kweli inaendelea kuelekea Tabora, lakini baba alipofika Uvinza alisimama, akatazama mlima, akachepusha tawi. Akalipandisha Titye kwetu, akalipeleka Kasulu chini ya mgomba, likazunguka Busunzu, likaingia Kibondo, likamalizikia Kasanda, ambayo ilikuwa ukingo wa mkeka wa bibi. Pale ambapo hakuna aliyewahi kuona reli, sisi tulikuwa na stesheni. Wakiniita, alisema baba, nitawaambia njia inapitika, nimeshaipima.

Bibi, mama yake baba, alikuwa hapo mkekani kila siku anamenya mihogo. Alizaliwa ng'ambo, Burundi, akavuka mpaka na baba mgongoni, na Kiswahili alikisema kwa lafudhi ambayo wajukuu tuliiga alipotupa kisogo. Aliitazama reli ile kwa jicho la mtu aliyekwisha kuona mengi. "Mwana wane," yaani mwanangu, alimwambia baba, "reli yako inafika kila mahali isipokuwa shambani." Baba alicheka. Lakini kesho yake bibi huyo huyo aliuliza kwa nini inaishia Kasanda, na kwao je? Baba akamjibu kwa adabu kwamba huko ni nchi nyingine, lazima vibali. Bibi akasema yeye alipovuka hakuulizwa kibali na mtu, akaendelea na mihogo yake.

Treni alitutengenezea fundi mabati, mkimbizi wa Kikongo aliyekuwa anafua koroboi kwa makopo ya mafuta ya msaada kutoka kambini. Alikata kichwa cha treni na mabehewa, ekseli zikawa spoku za baiskeli, magurudumu yakawa soli za kandambili. Siku ya kuleta alichuchumaa, akaisukuma kwa kidole kutoka Kigoma hadi mlangoni mwa jiko, akainuka ameridhika. "Papa, iko bien. Inabakia tu moshi." Baba alimshika mkono kwa mikono yote miwili, na jioni ile fundi alikula kwetu ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani kwetu.

Kulainisha ekseli tulitumia mawese. Hapo ndipo utajua sisi ni watu wa Kigoma, maana nani mwingine angefanya hivyo? Mama alifoka kwamba mboga inapikwa kavu ili bati lipate mafuta. Usiku panya wakafuata harufu, wakala magurudumu ya mabehewa yote ya nyuma, na asubuhi treni yetu ilikuwa imekaa kwenye reli kama kuku anayeatamia. Baba alichunguza meno ya panya, akasema kwa uzito wa mnyapara kwamba huduma imesitishwa mpaka taarifa nyingine. Tulicheka wote, hata mama. Nikikumbuka kicheko cha baba, ni kile cha siku ya panya.

Jumapili baada ya ibada watoto wa kijiji walikuja kuangalia. Mimi nilikuwa na bendera, kitambaa chekundu na jani la mgomba, na bila jani treni haiondoki. Kaka alivuta kamba. Hayo yalikuwa mambo yetu watoto. Mambo ya baba yalikuwa asubuhi, peke yake, kabla ya chai. Alivaa viatu vya kazi akatembea kando ya ile reli, akagonga kila taruma kwa kinyundo, ameinamisha kichwa akisikiliza. Lililolegea alilikaza. Baadaye alitusomesha kwamba adui wa reli si treni nzito, ni maji. Maji hupita chini ya kokoto kimyakimya, na wewe unaona reli imelala vizuri kumbe imelala hewani. Ndiyo maana alichimba vijifereji pande zote, na mvua ndogo za kwanza zilipokuja hakuna hata taruma moja lililosogea.

Bibi alifariki mvua kubwa zilipoanza. Hakuugua kwa muda mrefu. Aliacha mihogo yake nusu imemenywa akaomba kulala.

Sasa kwetu, msiba ukiingia nyumbani, jembe halishiki udongo. Hulimi, hupandi, huchimbi hata shimo la takataka, mpaka siku ya kuanua matanga, ambapo mtoto wa marehemu hukabidhiwa jembe na kufungua ardhi mbele ya ndugu. Mchungaji alisali, wazee wakaitikia amina, na jembe likabaki ndani. Ukilima kabla, umemkanyaga aliyelala. Majirani walikuwa wanapanda, mashamba yetu yakakaa wazi, na mama, aliyempigia baba kelele za jembe miaka yote, alilipita lake kila siku bila kuligusa.

Mvua ilipiga siku baada ya siku. Vile vijifereji vilijaa matope, na maji ya mlimani yakaingia chini ya tuta pale pale baba alipotufundisha kwamba yangeingia. Dakika chache za jembe zingetosha kuyaelekeza bondeni. Nilimwona baba ameketi barazani na waombolezaji, kanzu ya kuazima mabegani, macho yake yako Uvinza. Hakuna aliyemzuia kwa neno. Desturi ilikuwa imemshika mkono. Nikatoka kwenye mvua nikaanza kuchimba kwa vidole. Dada wa bibi akaja, akaniinua kwa kwapa. "Reka, mwana wane," akanong'ona, yaani niache. Niligeuka kwa baba nikitumaini atasema mtoto aachwe. Aliangalia chini.

Ilianza Kigoma kuingia ziwani. Uvinza ikafuata, kisha mianzi ikaanza kuelea kuelekea mihogoni. Lakini nikuambie kweli, bado haikuwa imekufa. Mataruma mengi yalikuwa yamekwama kwenye tope, tuta la kupanda Kasulu lilikuwa zima, na nilimsikia baba akimwambia kaka polepole kwamba matanga yakianuliwa wataanza na mifereji, halafu mengine. Alikuwa na mpango. Mtu wa genge huzaliwa upya kila mvua inapobomoa.

Asubuhi ya kuanua matanga tulinyolewa, tukanawa, tukavaa safi. Baba mkubwa, kaka yake baba aliyetoka Kibondo, ndiye aliyetoa jembe ndani. Desturi inataka ardhi ifunguliwe karibu na nyumba, na mama asimame na mbegu. Baba mkubwa akatazama huku na huku. Mbele kulikuwa na mikeka na masufuria ya wageni. Nyuma ya jiko akaona tope na vijiti. Akasema, "Hapa hapa. Udongo umeshalainika wenyewe," akamnyooshea baba mpini.

Alikuwa mgeni, hakujua. Lakini sisi tulijua, na majirani walijua. Unamwambiaje mzee, mbele ya ukoo mzima, siku ya kuanua matanga ya mama yenu, kwamba hapo pasilimwe kwa sababu pana treni? Baba alipokea jembe kwa mikono miwili. Akatafuta pa kukanyaga kati ya mataruma. Kisha akanyanyua, na jembe la kwanza likaangukia Kasulu.

Mataruma yaliruka. Desturi haidai zaidi ya majembe machache, halafu watu wanapiga makofi wanakwenda kula. Baba hakuacha. Alilima Kasulu, akalima Busunzu, akageuza udongo Kibondo. Baba mkubwa akasema, "Inatosha, mdogo wangu." Hakusikia. Alipita Kasanda, akalima mpaka ule ukingo ambapo mkeka wa bibi ulikuwa ukitandikwa, ndipo akasimama, shati limegandamana mgongoni. Mama alimfuata nyuma akidondosha maharage kwenye mashimo. Alikuwa amepata alichokiomba miaka yote, mume mwenye jembe mkononi, na alikuwa analia kwa namna ambayo hakumlilia bibi. Wageni walimsifu kwa kumpenda mama mkwe.

Jioni ile baba hakufungua redio. Wala ya pili yake. Betri zilivuja ndani, redio ikawa ya kuchezea watoto. Viatu vya kazi akampa kaka avae shambani. Hakuna aliyekuja kumwita, na sidhani kama alisubiri tena. Akawa mkulima, na mkulima mzuri. Maharage ya nyuma ya jiko yalizaa kuliko ya shamba lolote, mama akayapika kwa mawese, nasi tukala. Yalikuwa matamu, na hilo linaniuma hadi leo.

Nyumba ile haipo. Bibi hayupo, mama hayupo, mianzi ya pale mtoni imekatwa yote, na yule fundi wa koroboi alirudi kwao au alihamishwa, hatukupata kujua. Watoto wa sasa pale Titye ukiwaambia palikuwa na stesheni nyuma ya jiko watacheka kama binti yangu. Sina hata taruma moja la kuwaonyesha. Nilichobaki nacho ni baba, ambaye naishi naye hapa Kasulu mjini, miguu imekataa, anakaa uani kwenye kiti.

Siku hizi kuna habari ya reli mpya, eti itatoka Uvinza mpaka Burundi. Niliona aibu kumficha. Juzi nikachuchumaa mbele yake nikamwambia. Akaniuliza inapita wapi, nikamweleza nilivyosikia. Akafumba macho kwa muda, midomo ikicheza, nikajua anapanda nayo mlima, kipande kwa kipande.

"Watu wa genge," akauliza, "wameshachukuliwa?"

Nikamwambia, "Baba, nasikia siku hizi kazi ile inafanywa na mashine."

Akaitikia kwa kichwa. Halafu akaniomba nimsogezee kiti, kwa sababu jua lilikuwa limeshamhama.