Jaribio Nililolizima

Kwa miaka mingi nilikana, kwa maandishi na kwa mdomo, kwamba kosa lilikuwa langu. Niliwaambia watu wa mtandaoni, nikamwambia shangazi yangu, nikajiambia na mimi mwenyewe njiani baina ya Nizwa na Ibra, huku Oman, kwamba mwenye kosa ni yule bwana wa Ulaya aliyeiandika programu. Hakuwa yeye. Nilikuwa mimi.

Kazi ya programu hiyo ilikuwa kutuliza video: unaipa picha zilizopigwa na mkono unaotetemeka, inakurudishia picha zilizotulia. Mimi sikuiandika. Nilikuwa mtunzaji wake tu katika mkusanyiko mmoja wa programu huria, zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitumia na kuzichungulia ndani. Mtunzaji huandika maelekezo: programu ichukuliwe wapi, ijengwe vipi, itegemee programu gani nyingine, na ipitishwe katika majaribio gani kabla ya kumfikia mtu. Mshahara hakuna, malalamiko yapo. Mchana nilifundisha chuoni Nizwa, na nilijiona mtu mkubwa kwa sababu jina langu lilikuwa juu ya faili lenye mistari arubaini.

Shangazi ndiye aliyekuwa akipiga video za harusi zetu, upande wa wanawake. Upande ule mwanamme haingii, na kanda zake hazitoki nje ya familia, maana humo wanawake wamevua mabaibui, wamejipamba, wanacheza. Kamera yake ya mkanda alikuwa nayo tangu miaka ya tisini. Lakini mikono ilianza kumtetemeka, na baada ya harusi moja ya Ibra waliotazama mkanda walisema wameona kichefuchefu. "Shangazi katupandisha ngamia," mmoja alisema, wakacheka naye yupo. Harusi nyingine ilikuwa inakuja, Sur, na minong'ono ilishaanza kwamba safari hii kamera ishikwe na mwengine.

Akaniletea mkanda mimi, mwanamke mwenzake, kaufunga ndani ya mtandio.

"Si unayo mashine ya kutuliza? Watulize hawa. Nataka walionicheka wauone kabla ya Sur."

"Jambo dogo hilo, shangazi." Hayo ni maneno yangu, sikusingiziwa.

Nikauingiza mkanda katika kompyuta, nikaendesha programu. Bibi harusi alitulia sekunde nne, kisha akaruka kushoto, akarudi, akachanika kiunoni kama pazia bovu. Nikajaribu tena, akachanika tena. Nikamwandikia yule bwana ripoti ndefu, juu adabu, chini lawama. Akajibu siku ya pili: nitumie kipande cha video hiyo.

Nikampigia shangazi kuomba ruhusa.

"Mwanamme?" akauliza.

"Mtaalamu, shangazi."

"Nimekuuliza, mwanamme au si mwanamme?"

"Mwanamme."

"Basi mwambie atazame harusi za dada zake."

Nikatafuta hila. Nilikuwa na kamera mpya, isiyotumia mkanda. Nikapiga nayo mitende ya Samail kutoka dirisha la gari, nikiutikisa mkono makusudi, huku mume wangu akiendesha na kuniuliza kama mimi ni mzima. Programu ikaituliza mitende mpaka ikawa kama imechorwa. Nikaituma hivyo hivyo. "Hii mbona iko sawa?" bwana akajibu kwa upole, na upole wake ukanikera zaidi. Wiki zikapita, yeye anaomba kipande, mimi simpi wala simwelezi kwa nini. Niliona haya kueleza, halafu nikaona haya kwa kuona haya. Shangazi kila akiuliza, nilimjibu: "Yule bwana mzito." Naye akawa anamlaani kwa niaba yangu.

Mwishowe bwana akauliza swali jengine: majaribio yote yanapita kwako?

Nikalifungua faili langu ili nimjibu kwa kiburi. Mwaka mmoja nyuma, mkusanyiko ulipohamia toleo jipya la programu ambayo hii yetu inaitegemea, jaribio moja lilianguka. Nilikuwa na rundo la mitihani ya kusahihisha. Nikalizima, na pembeni nikaandika: "Linasumbua bure." Lilikuwa jaribio la video za kanda, ambazo kila picha yake huja kwa nusu mbili, mstari huu wa nusu ya kwanza, unaofuata wa nusu ya pili. Toleo jipya lilikuwa likizivuruga nusu hizo, na jaribio lilikuwa likinipigia kelele kuniambia.

Nikarudisha toleo la zamani, nikaliwasha jaribio, likapita. Bibi harusi akatembea kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chake bila kutikisika. Nilikuwa bado namtazama simu ilipolia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Yule bwana wako kajibu?"

"Kajibu."

"Kasemaje?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikasema: "Anasema kosa si lake."

"Wote husema hivyo. Basi usijisumbue tena, mwanangu. Watu wa Sur wamenipigia asubuhi. Wamemkodi msichana wa Maskati, ana mashine zake za kisasa. Khalas, yamekwisha."

"Lakini shangazi, mkanda wako nime—"

"Nimeshawaambia sawa. Nitakaa na wageni, nile halua, nitazame."