Birika Lililoitwa Kombe

Nikisikia harufu ya majivu na limau, hata nikiwa zamu ya kusugua masufuria hapa shuleni, nalikumbuka birika la fedha la Jinja. Msicheke. Watu wengine hushindania vikombe. Baba yangu, askari magereza wa Mbale, alishindania chombo cha chai.

Birika lilikuwa la Muasia mwenye duka mjini Jinja, mchezaji wa klabu ya mpira ya huko. Serikali ya wanajeshi ilipowafukuza Waasia, aliwaachia wenzake birika hilo, akawaambia, "Nitunzieni." Tangu hapo wakaliita kombe, wakawa wanalishindania na klabu ya Mbale. Mshindi alilitunza mwaka mzima, akalisugua kwa majivu na limau, na siku ya mechi aliwamiminia chai kwanza walioshindwa. Jina la mtu halikuchongwa kamwe.

Jinja walikuwa hawashikiki. Baba alikuwa kipa, na kitambi chake kiliokoa mabao mengi kuliko mikono. Majirani zetu wa mtaa wa Malukhu walimchokoza: "Afande, birika iko wapi? Ama ilichemka ikakimbia?" Mimi nilikuwa nimeshalitangazia darasa zima kwamba birika linakuja.

Mwaka ule, nikiwa sina meno ya mbele, tulishinda! Nilirukaruka hadi nikapoteza kandambili moja. Baba akalipakata birika kama mtoto mchanga. Kabla hajamimina, mama mmoja wa Kihindi mwenye mvi akasogea, akatoa mkobani kifuniko kidogo cha fedha. Miaka yote birika lilikuwa likifunikwa kwa kifuniko cha kopo la majani ya chai.

"Ilikuwa ya baba yangu," akasema. Akakiweka. Kikakaa sawasawa.

"Afande, usikubali," mchezaji wetu mmoja akanong'ona. "Tumeipata leo leo tu!"

Baba akamkabidhi birika kwa mikono miwili. "Dada, karibu. Tulikuwa tunawangoja."

Yule mama akawamiminia watu wa Jinja kwanza, bila kuambiwa na mtu, chai ikimwagikia viatu vyao.

Njiani kurudi Mbale nililia hadi Busiu. Baba akaninunulia hindi la kuchoma, ambalo kwa ufizi wangu lilikuwa adhabu ya pili.

"Sasa darasani nitawaambia nini?"

"Waambie tumeshinda."

Nilidhani ananidanganya ili ninyamaze. Nilipokua kidogo ndipo nikaelewa: wote waliolichukua birika kabla yake walipewa kazi ya kuwangoja wenyewe. Baba ndiye aliyeimaliza.