Kiondo Kisichokauka

Kama ni kucheka, cheka sasa tumalizane, halafu unisikilize. Mimi ni mama wa kanisa, natoa ushuhuda mbele ya watu na siongezi chumvi. Haya yalinipata mimi mwenyewe, si jirani wala binamu wa jirani, na macho yangu hayana shida. Biblia nasoma bila miwani.

Mume wangu, Baba Kioko, aliendesha malori barabara ya Mombasa tangu tuoane. Mimi nilikuwa Emali na watoto, yeye barabarani. Nilikuwa najiambia, siku atastaafu nitapata mtu wa kuongea naye. Akastaafu. Watoto walikuwa washaenda zao. Na unajua nilipata nini? Nilipata mzee aliyekaa uani kwenye kiti cha plastiki akiangalia barabara. Nikimuuliza kama chakula kina chumvi, anatikisa kichwa. Si kwamba alinikasirikia. Alikaa peke yake kwenye lori miaka yote hiyo mpaka maneno yakamwishia. Afadhali nyumba isiyo na mtu kabisa, kwa sababu hapo hata husubiri jibu.

Siku moja akanunua Nissan kuukuu iliyokuwa matatu, akang'oa viti, akaweka kitanda, meko ya gesi na pazia za maua. Kanisani walinicheka mpaka nikacheka nao, eti mama ana nyumba ya mawe na anaenda kulala ndani ya matatu. Lakini nilifurahi, nisikudanganye. Nilifikiri tukiwa wawili tu mahali pageni, ataongea.

Tukaenda bwawa moja upande wa Kitui, jina nitalihifadhi. Wametenga hapo mahali pa kupiga kambi, kuna lango na askari, na migunga imeshuka mpaka karibu na maji. Ilikuwa katikati ya wiki, hapakuwa na mgeni mwingine. Baba Kioko akaegesha, akaweka mawe kwenye magurudumu, kisha akaketi kwenye usukani akiangalia maji vile alivyokuwa akiangalia barabara. Nikapika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, tukala kimya. Jua lilipoinama nikachukua stuli nikaenda kukaa ukingoni. Nililia kidogo, sitakuficha.

Hapo ndipo akaja mama mmoja, umri wangu hivi, leso kiunoni, anatembea huku anasuka kiondo, vile mama zetu walivyofanya wakienda sokoni. Akanisalimu kwa Kikamba cha wazee, akakaa chini kando yangu. Nilimwona akisokota katani kwenye paja, na kila uzi ulitoka umelowa. Nikafikiri ameilowesha iwe laini. Wewe ungefikiri nini?

Tukaongea. Ngai wakwa, Mungu wangu, tuliongea! Aliniuliza majina ya watoto wangu, yupi anapiga simu na yupi anasahau. Aliniuliza kama magoti yananisumbua. Hakuna mtu alikuwa ameniuliza jambo kama hilo kwa muda mrefu. Kisha akanipa kile kiondo nimsaidie. Mtu asiye wa kwetu atauliza mbona nilipokea. Kwetu wanawake wakikaa pamoja, mwenzako akichoka unachukua kiondo chake unamwongezea mistari. Ukikataa ni kama umemnyima maji. Basi nikasuka. Mimi husuka kwa kubana sana, mistari yangu inajulikana hata sokoni. Akacheka, akasema mkono wangu ni mzuri na wenzake watanipenda.

"Wenzako wako wapi?" nikamuuliza.

"Hapa chini tu, nyumbani. Jioni tunakaa wote tukisuka, na hakuna anayenyamaza. Twende ukamalizie huko."

Sasa sikia vizuri. Hakunivuta mkono, wala sikurogwa. Nilitaka kwenda. Hilo ndilo linaniogopesha mpaka leo. Nilisimama na kiondo mkononi nikamfuata, nikisuka huku natembea, na nakumbuka nilikuwa na furaha.

Kilichonisimamisha ni sauti ya mwanaume. Mara ya kwanza sikuijua, kwa vile nilikuwa nimesahau ikiniita inakuwaje.

"Mama Kioko! Rudi. Nitaongea. Rudi tu, nitaongea na wewe."

Nikaangalia chini. Maji yalikuwa yamenifika kifuani. Yule mama hakuwa mbele yangu wala nyuma. Na Baba Kioko, mtu asiyejua kuogelea, alikuwa ameingia na viatu vyake, amenishika mkono, analia. Baadaye aliniambia ameniona nikiongea peke yangu pale ukingoni, nikicheka, akaona wivu. Ndiyo, wivu. Ndipo akaniona nimesimama naelekea majini.

Askari wa lango alipotuona tumelowa hakuuliza mengi. Alisema tu kwamba zamani, kabla maji hayajajaa, palikuwa na maboma ya watu pale chini, na makaburi mengine hayakuhamishwa. Kisha akaniuliza kama kuna kitu nimepokea. Kiondo kilikuwa bado mkononi mwangu.

Tuliporudi Emali tulimwita mchungaji, akaomba, akasema kichomwe. Katani hushika moto haraka, kila mtu anajua. Hiki kilitoa moshi tu. Tukakianika juani, hakikukauka. Mwisho tukakifungia ndani ya Nissan nyuma ya jikoni, na gari lile halijatoka tena.

Na mzee wangu akaongea. Alitimiza neno lake. Alinisimulia mambo ya Mtito na Mariakani, na jinsi alivyokuwa akilala chini ya lori akiniwaza, mpaka wakati mwingine namwambia, baba, hebu niache nisikie redio. Ndoa yangu niliipata hapo. Ilikuwa fupi, lakini niliipata. Tulimzika mwaka jana.

Sasa nyumba imenyamaza tena. Na asubuhi nyingine naamka na paja jekundu, pale tunaposokotea katani, na nyumbani kwangu hakuna katani. Nilienda kuangalia ndani ya Nissan. Kiondo kimepanda. Mistari ile mipya imebanwa sana, na mkono ni wangu. Umebaki mdomo tu kiishe.

Kwa hivyo, ukikaa kando ya maji na moyo mzito, na mtu usiyemjua akakuletea kazi ya mikono yake, sifu, lakini usipokee. Na kama una mama au shangazi anayeishi peke yake, mpigie simu jioni, hata kama huna la kusema. Muulize magoti yanaendeleaje.

Kioko wangu nimemweleza yote haya. Alicheka, akasema atakuja Krismasi. Krismasi iko mbali, na mdomo wa kiondo hauchukui muda.