Osewe na Vitanda vya Watu

"Nipeni nchi yoyote mnayotaka. Mimi Osewe sijawahi kukosa pa kulala, na sitawahi."

Alisema hivyo Jumamosi moja kwenye kinyozi cha Shivachi, huko Mashimoni, Nairobi, mbele ya watu kumi na wawili waliokuwa wakingoja mpira uanze, na hakuna aliyembishia. Ungembishia na nini? Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa taniboi wa malori ya masafa marefu, yule msaidizi wa dereva anayelinda magurudumu, turubai na usingizi wa bosi. Amefika Kigali, Juba, Lusaka na Lubumbashi. Wengi wa wale waliokuwa pale safari yao ndefu ni ile ya Desemba, kwenda ushago na sukari na kurudi na kuku.

Safari zenyewe, ukimuuliza vizuri, zilikuwa hasa za kukaa. Mpakani Malaba amekaa siku nne kwenye foleni ya malori ambayo mkia wake haukuonekana. Kasumbalesa alikaa siku tisa kwa sababu karatasi moja ilikosa muhuri, na muhuri ulipopatikana, mwenye kuugonga alikuwa ameenda harusini. Kigali walimnyang'anya mfuko wa plastiki uliobeba nguo zake za ndani, akaingia jiji safi kuliko yote aliyowahi kuyaona akiwa amezishika mkononi. Tunduma, Tanzania, mama muuza chai alimtazama tu aliposema "Nipe chai," akawahudumia wengine wote, mpaka mzee mmoja akamwinamia: "Kijana, huku tunasalimiana kwanza. Halafu tunaomba." Tangu siku hiyo Osewe husema "naomba" hata akinunua kiberiti, na Mashimoni wanamtazama kama mtu aliyerudi na ugonjwa.

Lakini pa kulala hakukosa. Lori liliwahi kuharibika nje ya Lubumbashi, na mzee wa pale, ambaye Kiswahili chake na cha Osewe vilikuwa kama binamu wasiowahi kukutana, akampa kitanda chake cha pekee. Mzee mwenyewe alilala mlangoni juu ya mkeka. Osewe alipokataa, aliambiwa, "Lala, kijana. Mimi na baridi tunajuana." Asubuhi akapewa bukari na samaki, ugali ule ule wa kwao ila wa muhogo, na hakuna aliyemuuliza analipa nini. Hadithi hiyo ameisimulia mara nyingi sana, na kila mara hapa sauti yake hushuka.

Kisha Februari mama yake akavunjika nyonga.

Jina lake ni Amondi, ila wote humwita Min Okoth, mama wa Okoth, kwa sababu Okoth ndiye kifungua mimba. Alitibiwa Nairobi. Daktari akamruhusu atoke kwa sharti moja: kwa miezi mitatu asiachwe peke yake, usiku hasa. Naye Min Okoth alitaka kitu kimoja tu duniani, nyumba yake kule Siaya. "Siwezi kupona kwa nyumba nasikia jirani akitafuna," alisema. Osewe akaomba ruhusa kazini, akampeleka.

Hapo ndipo mtu wa nchi zote alipokwama. Kwao, mwanamume mzima halali chini ya paa moja na mama yake. Hujenga kijumba chake uani, kinachoitwa simba, na wana hujenga kwa kufuatana jinsi walivyozaliwa. Mdogo akimruka mkubwa, balaa humwangukia mkubwa, na balaa yenyewe kwa kawaida huja na jeneza. Okoth ana miaka arobaini na minne, anaishi Kawangware, na hajawahi kuchimba pale nyumbani hata shimo la nguzo. Kwa hiyo Osewe naye hana simba. Mchana alimpikia mama, akamwogeshea kuku, maana mama aliona kuku wamechafuka. Giza likiingia alitembea kilomita mbili hadi lojing'i ya sokoni, akalala kwa risiti kama mfanyabiashara wa ng'ombe.

Usiku wa tatu mama alianguka akiitafuta taa. Osewe alifika asubuhi na maziwa, akamkuta sakafuni, baridi kama ukuta. Hakuwa akilia. Alimuuliza tu, "Umeamkaje, nyathina?" Mwanangu.

Akamrudisha Nairobi. Mama sasa analala kwenye chumba cha Osewe, na Osewe analala kwa Shivachi, kwenye kiti cha kunyolea kinacholala nyuma kidogo, si sana.

"Msee wa Lubumbashi!" Shivachi humwambia akifunga mlango. "Leo nikunyoe ama nikufunike?"

Osewe hucheka. Mama hacheki. Kila asubuhi humuuliza swali lile lile: "Tunarudi lini?" Na kila wiki anakula kidogo kuliko wiki iliyopita.

Basi Jumanne akashika njia hadi Kawangware kwa miguu, mwendo wa saa moja na kitu. Njiani alipanga maneno kama wakili. Okoth ni fundi wa kuchomelea milango ya chuma kando ya barabara, na ameokoka, kuokoka kule kwa kipaza sauti.

"Ndugu yangu," Osewe alisema, "naomba kitu kimoja."

"Unaomba? Umekuwa Mtanzania?" Okoth alivua miwani ya kuchomelea. "Sema tu."

"Twende nyumbani siku mbili. Ujenge simba. Kadogo tu, hata ka mabati matano. Ulale hapo usiku mmoja. Mimi nijenge yangu nyuma yako, nikae na Mathe."

"Osewe. Mimi nilitoka kwa hayo mambo. Pastor akisikia nimejenga kanyumba ka mizimu?"

"Si ka mizimu. Ni ka kulala."

"Basi lala kwa Mama! Ni chumba, si dhambi."

"Atanifukuza na fimbo ya kutembelea, na hiyo fimbo ndiyo inamshikilia."

Ngina, mke wa Okoth, alitoka na chai. "Shemeji, si ujenge yako tu? Huyu hana shida na hiyo. Ama una shida, Baba Brandon?"

"Sina! Jenga, bro. Jenga hata gorofa. Nimekuruhusu kwa jina la Yesu." Okoth akatoa simu palepale, akampigia mama yao, akafungua spika wote wasikie. "Mama! Nimemwambia Osewe ajenge. Mimi siogopi kitu."

Kisha sauti ya Min Okoth, nyembamba lakini imenyooka: "Okoth, umekula?"

"Nimekula, Mama. Umesikia? Ajenge, uende nyumbani."

"Akijenga kabla yako sitaingia hiyo boma. Nitakaa kwa gate mpaka abomoe."

"Mama, hiyo ni imani ya giza."

"Inaweza kuwa. Lakini wewe ndiye mtoto wangu wa kwanza, na mimi siwezi kujengewa juu yako. Kwani nikipona halafu ufe, nimepona nini?"

"Sitakufa, Mama!"

"Umejuaje?" Akakata.

Okoth alirudisha simu mfukoni, akamgeukia mdogo wake kwa huruma ya kweli. "Umeona? Mimi nimekubali. Ni yeye amekataa."

Mmoja haamini, kwa hiyo hatajenga. Mwingine anaamini, na anampenda asiyeamini kuliko nyonga yake. Mipaka yote ambako Osewe aliwahi kukwama ilikuwa na mtu wa kubembelezwa, karatasi ya kutafutwa, siku ya kungojwa. Hapa hakukuwa na dirisha la kugonga. Alimaliza chai, akamshukuru Ngina, akatoka. Nyuma yake moto wa kuchomelea ulianza tena kutoa cheche.

Njiani kurudi, Riruta Satellite, alisimama kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Hakujua kwa nini.

"Unajenga wapi, boss?" muuzaji aliuliza.

"Sijengi," Osewe alisema. "Nauliza tu."

Bati la futi kumi, geji thelathini, lilikuwa shilingi elfu moja mia mbili na hamsini. Osewe akazidisha kwa tano.