Matumbo Mawili ya Uzazi Mbele ya Mama Nyemo

Msinicheke bado, ngojeni kwanza nimalize, maana aibu niliyoipata pale Ipagala hata leo nikiikumbuka natafuta pa kuficha uso, na yote yalianza kwa sababu ya kanzu mpya.

Enzi zile za Wadachi nilikuwa mkalimani wa Profesa mmoja, kwao akifundisha chuo kikuu habari za uzazi wa wanyama, na kazi yake (kazi hasa, analipwa) ilikuwa kukata tumbo la uzazi vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, avitie rangi, kisha avichungulie kwa hadubini mpaka macho yamtoke machozi. Alitaka pimbi majike wenye mimba, wale wa kwenye majabali yetu, awalinganishe na mnyama wake mmoja wa nchi za mbali, mdogo kama panya buku, aliyezamishwa ndani ya chupa ya spiriti, jike mwenye mfuko tumboni na kitoto kikining'inia humo kwenye chuchu. Alimpenda mnyama yule jamani. Safari nzima chupa aliibeba mwenyewe, hakumwachia mpagazi.

Basi akaniambia kesho tunakwenda Ipagala kuwaeleza watu tunachotaka, yeye aseme Kiswahili chake cha kujifunzia vitabuni, mimi nikigeuze Kigogo. Akaniuliza, "Liko neno lisilo la adabu kulisema mbele yao?" Hapo ndipo ilinipasa kusema. Ipagala ndiko kwao Nyemo, binti niliyempelekea posa na jibu halijarudi, na kwa mila, ukishaposa tu, wewe na mama wa binti hamtazamani usoni, mkikutana njiani mmoja anaingia porini, seuze kutaja mambo ya uzazi naye akisikia. (Posa yenyewe ilikuwa inasuasua, wazee wakisema huyu mtoto wa wafanyabiashara wa Mpwapwa adabu zetu atazijulia wapi.) Lakini nilikuwa na kanzu mpya, nikataka ndugu zake Nyemo wanione nimesimama bega kwa bega na Profesa, nikajisemea mama yake akisikia nipo hatakuja. Nikamjibu, "Hakuna neno, Bwana. Wewe sema tu."

Kumbe hakusikia kama nipo. Meza tumeshaitandika shuka jeupe, chupa na hadubini juu yake, Profesa ameshaanza, mara namwona Mama Nyemo anakuja na dada yake, wanawake wanawapisha mpaka mbele kabisa. Aliponiona akanipa mgongo, akajifunika nguo kichwani, akaketi hivyo hivyo, maana angeondokaje na mgeni anasema? Nami nikageukia upande wa pili, nikawa natafsiri nikiyatazama majabali.

"Jike huyu," akasema Profesa kwa furaha, "ana matumbo mawili ya uzazi, na njia zake pia ni mbili."

Kijasho kikanitoka. Nikasema kwa Kigogo, "Bwana anasema mnyama huyu ametoka mbali."

"Maneno yangu ni marefu, yako mafupi," akasema Profesa.

Nikaongeza kwamba ametoka mbali sana. Hapo mzee mmoja nyuma, aliyekuwa mpagazi wa misafara ya pwani na Kiswahili anakijua, akaona watu wanapunjwa, akasimama akayamwaga yote kwa Kigogo, matumbo mawili, njia mbili, na kwa vidole akaonyesha. Watu hawakuwa na mbavu. Profesa akadhani somo limenoga, akanishika mkono akanivuta kule mbele alikoketi Mama Nyemo: "Mwite mama huyu achungulie hadubini. Simama naye karibu, umweleze anachokiona."

Nilichofanya sikukifikiri. Nilitaka kujifunika uso tu, na nguo iliyokuwa karibu ilikuwa lile shuka la meza. Nikalivuta.

Chupa niliisikia ikipasuka nikiwa gizani ndani ya shuka. Nilipochungulia, hadubini ilikuwa imeangukia nyasi, nzima, lakini mnyama amelala mavumbini, kitoto kimechomoka mfukoni, na Profesa amepiga magoti akijaribu kukiokota, kinamteleza. Afadhali angenitukana. Nikamwonea huruma, na posa nayo nikajua imekwisha, maana nani ampe binti yake mtu wa namna hii?

Mama Nyemo akainuka. Uso ameuficha upande wangu, akachuchumaa karibu na Profesa, akakitwaa kitoto kwa ncha za vidole, akakirudisha mfukoni mwa mama yake, akampangusa mchanga polepole. Kisha akamwambia dada yake, kwa kuwa mimi hawezi kuniambia, "Mwambie mkwe wangu ampe mgeni pole. Amwambie na kibuyu safi kipo nyumbani, tumtie humo na ile dawa yake inayonuka."

Mkwe wangu. Mbele ya watu wote (neno hilo nalingoja tangu masika). Nikaitafsiri pole, nikakitafsiri na kibuyu, shuka bado kichwani, na yule mzee mpagazi akasema safari hii hakuna nilichopunguza.

Tangu hapo nikiitwa ukalimani nauliza kwanza nani atakaa mbele, na mtu akiniuliza adabu ya mahali namweleza yote, hata nikose kuonekana. Nyemo nilimwoa. Mama yake amekufa hatujatazamana usoni hata mara moja, na msibani watu walipokuwa wakieleza sura yake, mimi nilikumbuka vidole vyake.