Ndiyo, Daktari

Wanafunzi wa udaktari na uuguzi walimwita Mwalimu Kisirani. Mwanamke huyo, muuguzi mkongwe, hakufundisha usalama wa wagonjwa kwa kuandika ubaoni. Alivua viatu, akapanda kitanda cha mazoezi, akajifunika shuka hadi kidevuni na kujifanya mgonjwa.

Siku hiyo aliingia kijana wa mwaka wa nne, stetoskopu ikining'inia shingoni kama medali ambayo hakuishindania. Macho aliyakaza kwenye faili, mgonjwa hata hakumtupia jicho.

"Wewe ndiye wa kitanda cha sita?"

"Ndiyo, daktari," mwalimu akaitikia kinyonge.

"Uliambiwa kuhusu upasuaji?"

"Ndiyo, daktari."

"Haya, leo tunakutoa tezi dume."

"Ndiyo, daktari."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akaketi, akamkata jicho.

"Nina wajukuu wanne, na leo ndiyo mara ya kwanza kupewa tezi dume. Hicho kichwa kazi yake kuvalia kofia tu? Mgonjwa anakuogopa, hata ukimwita mbuzi ataitikia. Muulize, 'Unaitwa nani?' Kisha ufunge mdomo usikilize."

Kijana akanuna. "Lakini mwalimu, si wewe mwenyewe ulisema ndiyo?"

Mwalimu akashuka kitandani, akavaa viatu vyake taratibu.

"Mama yangu naye alisema ndiyo, wakamtundikia damu ya mgonjwa mwingine. Na daktari wake alijitetea mbele ya maiti kwa maneno yako hayo hayo."