Hataza ya Mtindi wa Suji

Siku niliyoripoti kazini Same, mkurugenzi wa kituo alinipa koti jeupe la maabara kama alivyowapa wengine wote. Nikamshukuru, nikamweleza kwamba mimi sikuja kupima chochote, nilikuja kuandika. Akaniangalia juu ya miwani yake.

"Livae hivyo hivyo, Bi Mshana," akasema. "Hapa asiye na koti wagonjwa humdhania ni mtu wa kodi."

Basi nikalivaa, na nikaendelea kulivaa mpaka nilipostaafu. Mimi ni mfamasia kwa mafunzo. Nilianzia kwenye duka la dawa la hospitali upande wa Gonja, nikigawa vidonge kupitia kidirisha kidogo. Baadaye nikapelekwa Dar es Salaam kusomea kazi ambayo hata ndugu zangu walishindwa kuitaja, yaani uandishi wa hataza. Mama yangu aliwaambia majirani kule Suji kwamba naandika hati za viwanja. Sikumsahihisha, maana hakuwa mbali sana na ukweli.

Hataza ni hati inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasiutumie uvumbuzi wake kwa muda fulani. Naye anatakiwa aueleze wazi, ili muda ukiisha uwe wa watu wote. Moyo wa ombi la hataza ni madai, ambayo ni kama mipaka ya shamba: unasema kwa maneno uvumbuzi wako unaanzia wapi na unaishia wapi. Ukiyaandika mapana mno, mkaguzi wa ofisi ya hataza anakurudishia kwa sababu umezungushia na ya wenzako. Ukiyaandika membamba mno, jirani anapita pembeni na kulima atakavyo. Halafu kuna sharti moja lisilo na huruma, nalo ni upya. Uvumbuzi uwe haujajulikana hadharani popote, kwa maandishi wala kwa mdomo, kabla ya siku unayowasilisha ombi.

Kituo chetu kilikuwa kidogo, majengo matatu ya bati nyuma ya miti ya mwarobaini, na joto la Same mnalijua. Mkurugenzi alikuwa daktari bingwa wa magonjwa ya kinga, mtu wa Usangi, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alikuwa amekataa kazi nzuri mjini ili arudi milimani kwao, na hakupenda mtu alitaje jambo hilo. Wasaidizi wake walimwogopa kidogo. Mimi nilimpenda tangu mwanzo kwa sababu alisikiliza mpaka mtu amalize.

Kazi iliyotukutanisha ilihusu baridi yabisi, ile aina ambayo kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, inageuka na kuvishambulia viungo vya mwenye mwili. Vidole vinapinda, magoti yanavimba. Dawa yake ni vidonge vya kushusha kinga. Vinasaidia, ila vinaacha mlango wazi: mgonjwa aliyeshushwa kinga anaweza kuuawa na homa ya mapafu ambayo mwingine angeiugua na kupona. Ndiyo maana kila daktari anatafuta njia ya kutoa dozi ndogo ifanye kazi ya dozi kubwa.

Katika kliniki yake ya kila mwezi Suji, mkurugenzi alikuwa na mgonjwa aitwaye Mama Eliakimu, mjane mwenye ng'ombe wawili na sauti iliyojulikana katika kwaya nzima. Kipindi fulani vidonge vilipungua, wagonjwa wote wakapewa nusu ya dozi. Wenzake walirudi wakiwa na hali mbaya. Yeye alirudi anatembea. Mkurugenzi akamhoji maisha yake yote, anakula nini, analala wapi, mpaka wakafika kwenye mtindi anaougandisha mwenyewe katika kibuyu, anaokunywa kila asubuhi. Akaomba kidogo, akauleta maabara. Baada ya kazi ya muda mrefu wasaidizi wakatenga humo bakteria mmoja rafiki, wa wale ambao siku hizi mnawaita probiotiki. Peke yake hakutibu kitu. Akiwa pamoja na dozi ndogo ya dawa ya kushusha kinga, aliituliza kinga bila kuilaza kabisa.

Huo ndio ulikuwa uvumbuzi, mchanganyiko wa viwili hivyo. Na hapo ndipo kazi yangu ilipoanzia.

Tulipeleka sampuli ya bakteria kwenye hifadhi inayotambulika kimataifa, kwa sababu kiumbe hai huwezi kukieleza kwa maneno tu. Lazima mkaguzi ajue pa kukipata. Wagonjwa wachache waliojitolea, Mama Eliakimu akiwa wa kwanza, wakaanza kupewa mchanganyiko wenyewe chini ya uangalizi. Kampuni moja ya dawa ya ng'ambo ikaonyesha nia ya kuutengeneza kwa wingi, kwa sharti kwamba tupate hataza katika nchi ilizozitaja. Nikaandika ombi. Nikalipeleka kwa mkurugenzi likiwa tayari kuwasilishwa.

"Bado," akasema. "Ukiwasilisha hili, tutakuwa tumedai nini? Dawa moja na bakteria mmoja. Kundi la pili la wagonjwa, wanaotumia dawa nyingine, linakaribia kumaliza. Majibu yao yakija, tutadai dawa zote za jamii hii."

"Tuwasilishe haya tuliyo nayo, Daktari. Hayo mengine tutayaombea baadaye."

"Una haraka gani?"

"Mtu anaweza kusema."

"Nani? Watumishi wote wameweka sahihi kutunza siri."

"Wagonjwa hawajaweka."

Alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la koti. "Na hawataweka. Kamati ya maadili haitakubali, na hata ikikubali, mimi sitakubali. Huwezi kumfunga mtu mdomo kuhusu magoti yake mwenyewe."

Hapo alikuwa na haki, na bado naona alikuwa na haki. Lakini mambo hayo mawili hayakaliki pamoja. Kama huwezi kumnyamazisha mgonjwa, basi huwezi kuchelewa. Nilimwambia hivyo mara mbili tatu kwa upole, kama ilivyopasa kumwambia mkubwa wako wa kazi. Akasema tungoje. Tukangoja.

Msimu wa mavuno ya mahindi nilipanda nyumbani Suji kwa ibada ya shukrani. Kanisa lilijaa mpaka nje. Watu walileta ndizi, kuku, maharage, wakaweka mbele. Kisha mchungaji akaita wenye ushuhuda, na Mama Eliakimu akainuka kutoka safu ya kwaya.

Mwaka mmoja kabla ya hapo angeshikwa mkono. Siku hiyo alipita katikati ya viti peke yake, akapanda ngazi za madhabahu, akageuka kutukabili. Watu wakaanza kupiga vigelegele kabla hajasema neno. Mimi nilipiga makofi pamoja nao. Kisha akaanza kusema, nami mikono ikanishuka.

"Mnanijua nilivyokuwa," akasema. "Nilifungwa vifungo vya blauzi na mkwe wangu. Mungu akamleta daktari wetu. Akachukua mtindi wangu huu huu mnaokunywa mkija kwangu, akatoa ndani yake kijidudu kizuri, akanipa pamoja na vile vidonge vya kushusha kinga, ila vidogo, nusu ya vya zamani." Akalitaja jina la dawa, bila kukosea hata silabi moja. Akataja anavyokunywa, asubuhi kabla ya chai. Kisha akainua mikono yote miwili, akafungua vidole na kuvifunga, akafungua na kuvifunga, na kanisa likalipuka.

Mpiga picha wa kwaya, binti mtu mzima aliyeolewa pale jirani, alikuwa amesimama kando na simu yake, akirekodi yote. Walikuwa na ukurasa wao mtandaoni, wa nyimbo na ibada, na video ikawekwa huko.

Nimeulizwa na wenzangu wa fani kwa nini sikufanya kitu. Kufanya nini? Neno lililosemwa mbele ya kanisa zima limeshakuwa hadharani, picha iwepo isiwepo. Na nilikuwa nimekaa karibu na mkwe wake, yule wa vifungo, ambaye alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Nilimshika mkono. Nilifurahi na kuumia kwa wakati mmoja kiasi kwamba sikuweza kuimba wimbo uliofuata.

Nilimweleza mkurugenzi mara tu niliporudi Same. Hakugomba. Alikaa akitazama dirishani, kuelekea milimani.

"Alipanda ngazi mwenyewe?" akauliza.

"Mwenyewe."

Akatabasamu, kisha tabasamu likamtoka. "Mwombe huyo dada aifute ile video."

"Daktari, kuifuta hakurudishi kitu. Na nikiulizwa na mkaguzi, sitasema kwamba sikuwapo."

Aligeuka kutoka dirishani. "Hapana," akasema mwishowe. "Usimwombe. Nisamehe kwa kukuambia hivyo."

Tuliwasilisha ombi wiki ile ile. Ziko nchi zinazompa mvumbuzi muda wa msamaha jambo likivuja. Zile ilizozitaka kampuni hazikuwa na msamaha huo. Majibu ya mkaguzi yalichukua muda mrefu, na yalipokuja yalikuwa ya adabu kama yalivyo yote. Alikuwa ameiona video. Alikuwa amemtafuta mtafsiri wa Kiswahili. Maneno ya Mama Eliakimu yalikuwa yamepigwa chapa kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi, kama ushahidi kwamba mchanganyiko wa bakteria wa mtindi na dawa ya kushusha kinga ulishajulikana hadharani kabla ya siku yetu ya kuwasilisha. Niliyasoma mezani kwangu na kwa masikio yangu niliisikia sauti yake.

Hatukushindwa kabisa. Kwa kuwa hakuwa ametaja, wala hangeweza kutaja, ni bakteria gani hasa, tulipunguza madai mpaka yakabaki juu ya yule mmoja tuliyemweka kwenye hifadhi. Hataza ikatolewa. Ilikuwa halali, na ilikuwa nyembamba mno. Yeyote angeweza kuchukua bakteria mwingine wa mtindi, akapita pembeni. Kampuni ikatuandikia kwamba inatutakia mema. Bila kampuni, hakukuwa na wa kutengeneza mchanganyiko kwa kiwango cha dawa, na kibali cha majaribio kilipokwisha hatukuruhusiwa kuendelea kuwapa wagonjwa.

Mkurugenzi alitaka kwenda mwenyewe kuwaeleza, lakini alikuwa ameanza kuugua moyo na barabara ya kupanda kutoka Makanya ilimchosha. Nikaenda mimi. Nilimkuta Mama Eliakimu uani, anachambua maharage.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa hapa kwenye kivuli. Umeniletea dawa?"

Nikamweleza kwamba majaribio yamesimama, kwamba atarudi kwenye vidonge vya zamani, dozi kamili. Sikutaja kanisa. Lakini huko Suji habari hazikai, na mtu alishamdokeza.

"Wanasema ni kwa sababu niliongea," akasema. Mikono yake iliendelea na maharage. "Kwani nilikosea?"

"Hapana, Mama. Hukukosea."

"Mlinikataza nikasahau?"

"Hakuna aliyekukataza."

"Sasa ningejuaje?" akauliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kuelewa kweli. "Mtu akikutendea jema, unanyamaza?"

Nilimwambia kuwa sisi ndio tulipaswa kuwahi. Akanisogezea ungo, tukachambua pamoja mpaka maharage yakaisha. Aliendelea kunywa mtindi wake, lakini mtindi wa nyumbani leo una bakteria huyu, kesho yule, na alikuwa amesharudi kwenye dozi kubwa. Msimu wa baridi uliofuata alishikwa na homa ya mapafu. Alifariki kabla hajateremshwa hospitali. Kwaya yake ilimwimbia, na mkurugenzi alipanda na moyo wake ule ule mbovu, akasimama nyuma ya watu wote.

Nimestaafu sasa, niko nyumbani Suji. Vijana wa vyuo hunipigia simu, wengine hupanda mpaka huku, wananiuliza namna ya kuandika madai. Ninawafundisha. Wengi wakisikia habari hii husema kwamba mama yule aliharibu, na hapo huwa nawakatiza. Kwa sababu ya ushuhuda wake hakuna tajiri yeyote duniani anayeweza kuufungia mchanganyiko ule katika hataza pana na kutuzuia sisi. Uko wazi kwa wote. Kinachonikosesha raha ni kwamba uko wazi na hakuna hata mmoja wetu aliyeuchukua, si kiwanda cha hapa nchini, si chuo, si sisi wenyewe tuliokuwa tunaujua kwa undani. Tulikuwa tumejifunza kulinda kabla hatujajifunza kutengeneza, na ulinzi ulipoondoka, shamba likabaki pori.

Mkurugenzi aliniambia, siku niliyokwenda kumuaga kwao Usangi, kwamba anajuta kungoja kundi la pili. Nilimwambia na mimi najuta kusema kwa upole. Kisha tukanywa chai.

Huwa nafikiri kuhusu siku ile kanisani kuliko kuhusu hati yoyote niliyowahi kuandika. Kama ningerudishiwa siku hiyo, nisingemzuia Mama Eliakimu asipande zile ngazi. Ningetaka apande vile vile, aseme yote, afungue vidole na kuvifunga mbele ya watu. Ningetaka tu kuwa nimekaa pale nikiwa nimeshawasilisha, niweze kupiga vigelegele kama wengine.